Msaragambo kwa Ganix

Coldwater, Nevada
28 Aprili 1974

Shangazi Graxi mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mjomba Erramun na wapangaji wako wote wanaokula supu kana kwamba kesho hakuna supu. Sisi hatujambo, tena zaidi ya hatujambo. Shangazi, mbona hukuniambia kwamba ndoa ni tamu hivi? Leo wiki ya tano, na bado nikisikia gari la Peio likikata kona ya kanisani moyo unanidunda kama wa msichana wa shule. Jana alirudi na matope mpaka masikioni, mkononi kashika ua moja la njano alilolichuma kando ya barabara, limevunjika shingo. Nimelitia kwenye glasi. Nililitazama jioni nzima badala ya kufua.

Mapazia uliyonishonea yamependeza sana jikoni. Mama amepiga simu, mguu wake haumsumbui sana. Ng'ombe wa jirani amezaa mapacha.

Sasa nina jambo moja ambalo sijamwandikia Mama, maana atalia. Jumapili Peio alinipeleka kwenye Chama cha Wabaski nikatambulishwe. Walikuwa wanapanga msaragambo. Kila mwaka chama huchagua familia moja na kuipa Jumamosi nzima ya nguvu zake bila malipo; wazee bado wanaiita auzolan, kama kwao ng'ambo Ulaya. Mwaka huu ni zamu ya mzee Ganix Iribarne, aliyeangushwa na farasi akavunjika nyonga. Tutakwenda ranchini kwake kuwakata wanakondoo mikia na kuzungushia uzio chemchemi ya mlimani. Yeye ndiye baba wa ubatizo wa Peio, kwa hiyo nilikuwa nimefurahi kweli kweli.

Mwenyekiti, Bi. Terexa, akaniuliza, "Na wewe bibi harusi ni wa nani?"

Nikasema, "Wa marehemu Mattin Etxarte."

Shangazi, vichwa vyote viligeuka. Kisha Bi. Terexa akasema polepole, "Yule aliyewaacha kondoo?" Na mtu mmoja nyuma akalia "Meee!" Watu wakacheka.

Ukutani kuna orodha ya wachunga kondoo waliofariki. Kila Julai, kwenye misa ya pikiniki, mzee Ganix huisoma kwa sauti, na kila jina likitajwa watu wote huitikia "Yupo nasi." Nimeisoma mara mbili. Baba hayumo.

Baba alifanya nini? Niambie wewe. Nataka jina lake lisomwe, na nataka aliyelia "meee" anisikie.

Akupendaye,
Maialen wa Peio (nimeandika hivi makusudi, ninavyopenda kuliona!)

~

Bakersfield, California
9 Mei 1974

Maialen mwanangu,

Salamu nyingi. Huku joto limeanza mapema, jikoni ni tanuri. Mjomba wako ana kikohozi lakini bado anabishana na redio. Nimefurahi mapazia yamekufaa. Maua yaliyovunjika shingo yawekee maji mengi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaunguza maharage ya watu ishirini.

Baba yako hakuacha kondoo. Sikiliza. Mwaka 1951 alichunga kondoo elfu mbili kwenye mlima huo huo. Ganix alikuwa mpwa wa mwenye ranchi, kazi yake kuwabebesha nyumbu mizigo ya wachunga na kuwapandisha mlimani. Mchunga hawezi kushusha kundi peke yake: anasubiri nyumbu wabebe hema, anasubiri amri. Nyumbu walikuwa wafike tarehe sita Oktoba. Hawakufika. Mattin akasubiri. Tarehe tisa ikaja theluji ya kumfikia mtu kifuani. Alichimbua kondoo kwa mikono siku tano, wakafa zaidi ya nusu, akateremka kwa miguu kutafuta msaada. Vile vidole viwili vya mguu alivyokwambia vililiwa na panya, viliachwa hospitali ya Coldwater.

Ganix akasema alipanda tarehe sita na nyumbu wake, akakuta hema tupu, Mattin kateremka kunywa. Nani angemwamini mchunga mbele ya mpwa wa tajiri? Ganix akaja kurithi ranchi. Baba yako alikuja huku akaosha vyombo vya hoteli mpaka anakufa.

Lakini ushahidi upo. Tarehe saba, Ganix alipokuwa hajaonekana, Mattin aliandika kwa kisu kwenye mti wa gome jeupe juu ya chemchemi: jina lake, tarehe, na maneno "Nipo. Ganix hajaja." Aliniambia akiwa kitandani hospitali. Maandishi ya miti ile hayaonekani mwaka ule ule. Unakwaruza tu, kisha mti wenyewe unayatoa, miaka inavyokwenda yanakuwa meusi. Ganix hakuyaona hata ayafute. Na sasa chama kizima kinapelekwa pale pale chemchemi, kwa ajili ya Ganix mwenyewe!

Wapeleke mbele ya mti, Maialen. Wote. Yeye awe amekaa, asiweze kukimbia na nyonga yake. Bi. Terexa asome kwa sauti. Nataka aone nyuso zao zinavyogeuka moja moja. Miaka ishirini na tatu nimemngojea mtu huyo.

Msalimie mumeo.
Shangazi yako Graxi

~

Coldwater
30 Mei 1974

Shangazi wangu,

Sijalala vizuri tangu barua yako, na safari hii si kwa sababu ya mapenzi. Ingawa hayo nayo yapo, usijali! Peio amenitengenezea rafu ya vitabu. Imeinama upande, vitabu vyote vinateremkia kulia, lakini nikiitazama naona mikono yake.

Nilimwambia. Ilikuwa ugomvi wetu wa kwanza. Akasema, "Ganix ndiye aliyenifundisha kupanda farasi, Maialen. Alinishika kichwa nikibatizwa." Nikamjibu, "Na baba yangu nani alimshika?" Akatoka nje akapasua kuni mpaka zikatosha majira mawili ya baridi. Aliporudi akanibusu mkono akasema, "Tukiuona huo mti, na ukisema hivyo, nitasimama upande wako." Nikalia. Tukala mayai.

Sasa kila ninapofagia namwona mzee huyo akigeuka rangi. Nakanda mkate namfikiria yeye, ndiyo maana mikate yangu siku hizi inaumuka vizuri sana. Najizoeza la kusema kwenye kioo. Siku ikifika nitavaa kanzu ya bluu uliyonipa.

Ila Peio ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Mti utasema baba alikuwepo. Lakini wewe umeandika kwa uhakika kabisa kwamba Ganix hakupanda. Ulijuaje? Ulikuwa Coldwater siku hizo, si ndiyo? Kuna mtu alimwona mjini?

Maialen wako

~

Bakersfield
10 Juni 1974

Maialen mwanangu,

Hatujambo. Kikohozi cha mjomba wako kimepungua. Nimepata nyama nzuri ya kondoo ya Jumapili.

Mti uko upande wa juu wa chemchemi, palipo na jiwe kubwa lililopasuka. Nenda saa za asubuhi, jua likiwa linapiga gome kwa mbele. Usianze kulia kabla hawajasoma, kilio kitawapa nafasi ya kukuonea huruma badala ya kumwonea yeye aibu. Wanaume wawe wamekwishafanya kazi kidogo, lakini wasiwe wamekwishakunywa.

Hayo mengine uliyouliza hayana haja, mti unatosha.

Shangazi

~

Coldwater
24 Juni 1974

Shangazi,

Nimekaa siku nzima bila kuweza kuandika. Mzima wewe? Mzima mjomba? Sisi wazima wa mwili.

Jumamosi tulikuwa watu arobaini. Wengine walibaki zizini na wanakondoo, mwanakondoo mmoja kwenye ubao, mwenye kisu upande huu, mwenye dawa upande ule, mikia inatupwa chunguni. Sisi wengine tukapanda chemchemi. Ganix alikuwa juu ya gari, sehemu ya mizigo, amekaa kwenye kiti cha jikoni, gongo mkononi, anaelekeza kama mwongoza kwaya. Mimi nilimpelekea kahawa. Niliitia chumvi vijiko vitatu. Akainywa yote akasema, "Ahsante bibi harusi, hapa hakuna aliyewahi kunipikia kahawa kama hii." Unaona mtu alivyo!

Peio alikuwa anabeba nguzo. Xan fundi bomba akamtania, "Bwana harusi! Hiyo nguzo ishike kama mkeo, usiishike kama gazeti!"

Peio akajibu, "Nikiishika kama mke wangu haitafika shimoni leo."

Wakacheka wote, nami nikaona haya mpaka shingoni, na kwa dakika moja, Shangazi, nilitamani tungekuwa tumekuja kuchimba mashimo tu.

Saa nne nikapanda juu ya lile jiwe lililopasuka. Nikasema, "Naombeni mje. Nina kitu cha kuwaonyesha." Walikuja na majembe mikononi. Peio akalirudisha gari nyuma mpaka karibu, Ganix juu yake. Nikawaambia yote, kama nilivyojizoeza kwenye kioo. Tarehe sita, nyumbu, theluji, vidole. Sikulia. Kisha nikasema, "Bi. Terexa, tusomee."

Akafuta miwani. Akasogea. "Mattin," akasoma. "Etxarte. Elfu moja mia tisa hamsini na moja." Akapitisha kidole. "Halafu sijui."

Nikasogea mwenyewe. Shangazi, jina linasomeka, mwaka unasomeka, na chini yake ni uvimbe mweusi, kama donda lililofunga vibaya. Hakuna tarehe. Hakuna "nipo." Hakuna Ganix. Baba alikuwa na hasira. Jina aliliandika kwa utulivu, lakini alipofika kwenye maneno yale alikita kisu mpaka ndani, na mti haukuyatoa maneno, uliyameza.

Ganix akacheka kwa upole, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Akasema, "Wanangu, kila mchunga aliandika kwenye miti ya mlima huu. Kwamba Mattin alikuwepo mwaka ule tunajua wote. Aliondoka lini, hiyo ndiyo habari. Masikini, hata kisu hakujua kukishika. Mwenye akili hukwaruza tu."

Mtu akalia "Meee." Xan akamgeukia, "Nani huyo? Aje alie hapa mbele." Hakuja mtu. Bi. Terexa akanishika bega akasema, "Mwanangu, jina nitaliongezaje kwa kitu kisichosomeka?" Wakarudi kwenye mashimo yao.

Nilibaki pale. Ganix akanigonga kiatu kwa gongo lake, akaniinamia, na kwa sauti ya mimi na yeye tu akasema, "Unataka kujua tarehe sita nilikuwa wapi? Muulize Graxi. Halafu muulize kwa nini hasemi."

Basi nakuuliza.

Maialen

~

Coldwater
6 Julai 1974

Shangazi,

Kitambaa cha meza ulichotuma kimefika. Ni kizuri. Nimekikung'uta mara tatu nikitafuta barua ndani yake.

Pikiniki ni wikendi ya tarehe ishirini na ishirini na moja. Majina ya wachunga yatasomwa Jumapili kwenye misa. Kamati inafunga orodha Jumamosi jioni.

Nilikuwa nalipiza kisasi kwa mtu mmoja. Usinifanye nianze kuhesabu wawili.

Maialen

~

Bakersfield
12 Julai 1974

Maialen,

Sikusalimii, maana sijui kama unataka salamu zangu.

Tarehe sita Oktoba kulikuwa na dansi hoteli ya Coldwater, nilikokuwa nafanya kazi ya kutandika vitanda. Ganix aliwafunga nyumbu wake nyuma ya jengo saa kumi na mbili asubuhi, wamekwishabebeshwa mizigo, akaingia kunywa kahawa. Akanikuta. Nyumbu hawakuondoka siku ile, wala kesho yake, wala keshokutwa. Mimi ndiye niliyewapelekea majani na maji, ili asiwe na sababu ya kutoka chumbani kwangu. Ilipofika tarehe tisa ikaanza theluji, tukachungulia dirishani, akasema, "Sasa siwezi tena kupanda," na mimi nikafurahi. Hilo ndilo sijawahi kumwambia hata padri. Nilifurahi.

Nilikuwa mchumba wa Erramun. Pete nilikuwa nimeivua nikaitia kwenye soksi.

Mattin alipokuwa hospitali aliniuliza, "Graxi, wewe upo mjini kila siku. Ulimwona Ganix?" Nikamjibu, "Sikumwona." Alinitazama, akageukia ukutani, na miaka ishirini tuliyoishi mtaa mmoja huku California hakuniuliza tena. Nadhani alijua. Alikuwa anakula kwangu kila Jumapili, na kila Jumapili alinishukuru.

Ganix aliniambia ningeolewa naye mambo yakitulia. Yalipotulia akaoa binti wa mwenye benki. Kwa hiyo ni kweli, namchukia kwa ajili ya kaka yangu. Lakini kuna chuki nyingine iliyolala chini ya hiyo, na nilikutuma wewe na kanzu ya bluu ukaibebe kama vile ni ya Mattin peke yake.

Jana nimemwambia Erramun. Alikuwa anamenya vitunguu. Amemenya gunia zima. Asubuhi hii nimemkuta ameshapanga sanduku lake, nikajua ananiacha. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Coldwater. Kwani wewe huendi?"

Tutafika kwa basi Jumamosi alasiri. Usimsomee mtu barua hii, Ganix atasema umeiandika wewe. Nitasimama mwenyewe niseme mbele ya watu. Wanawake wa huko watasema yao, waache waseme. Jumapili alfajiri nitaondoka, wapangaji wangu hawana mwingine wa kuwapikia, na sioni kama ninastahili kukaa kwenye misa hiyo.

Mwambie mumeo aniwahie kiti. Karibu na Ganix. Nataka anisikie vizuri.

Graxi

~

Coldwater
22 Julai 1974

Shangazi Graxi,

Natumaini mlifika salama na kwamba mjomba alilala kwenye basi. Mama amepiga simu, keshapata habari, analia na kucheka humo humo.

Sitakuandikia habari ya Jumamosi, wewe ulikuwepo. Ila tangu umeondoka watu hawazungumzi kingine. Wapo wanaosema mabaya juu yako, Bi. Terexa aliwanyamazisha wawili kwenye foleni ya maharage: "Nani kati yenu angesimama mbele ya mumewe akasema vile kwa ajili ya maiti?" Na kila mtu anataja jinsi Mjomba Erramun alivyokuwa amesimama nyuma yako na kofia mkononi, na jinsi Ganix alivyofungua mdomo, akamtazama mjomba, akaufunga.

Sasa nikupe ya Jumapili.

Walimwambia Ganix asisome mwaka huu, kijana mwingine asome. Mimi nikasema hapana. Nikamwendea padri, nikamwendea Bi. Terexa: asome yeye kama kila mwaka. Peio akasema, "Karatasi nitamshikia mimi, yeye ana magongo." Nilimpenda pale, Shangazi, kuliko siku ya harusi. Uso wake ulikuwa mweupe. Alikuwa anampoteza mzee wake mbele ya watu wote na bado alikwenda kusimama kando yake.

Ganix akasoma. Majina ishirini na kitu, sauti ile ile nzito, watu wanaitikia, "Yupo nasi." Jina la baba tuliliandika la mwisho, kwa wino, mwandiko wangu. Alipofika hapo akasimama. Akamtazama Peio. Peio akaisogeza karatasi karibu zaidi na macho yake.

Akasema kitu ndani ya ndevu.

Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, kwenye nyasi, makusudi. Nikapaza sauti, "Mzee Ganix! Huku nyuma hatusikii!"

Watu wakageuka. Padri akanikunjia uso. Ganix akakohoa, akasema, "Mattin Etxarte."

Nikasema, "Bado!"

Na Xan fundi bomba, Mungu ambariki, akadakia, "Kweli, na mimi sijasikia." Na mwanamke mmoja upande wa masufuria, "Hata huku."

Basi akalisema mara ya tatu, Shangazi, akalisema kwa nguvu zake zote mpaka likagonga ghala likarudi, gongo likamteleza ikabidi Peio amshike kwapa asianguke. Na watu mia tatu wakaitikia.

Sijakusamehe. Nimejaribu tangu jana na bado. Lakini kitambaa chako nimekitandika mezani, na Peio amekwishakimwagia kahawa.

Binti wa Mattin,
Maialen